Nyanya za nyumbani Moshi na Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miti, kamba na kupunguza matawi

Nina kitalu kidogo cha miche hapa Moshi. Kila msimu wanaochukua miche hurudi baada ya wiki chache na maswali yaleyale, na wengi wao huanza na "nipe dawa". Nikienda kuangalia, mara nyingi nakuta nyanya zimelala chini na majani yamelowa udongo. Hapo kinachokosekana ni mti na kamba, dawa baadaye. Majibu haya ni kwa mwenye miche 5 hadi 40 nyuma ya nyumba. Mwenye ekari ana hesabu zake nyingine.

## Kabla ya kuanza

1. Ni lazima nisimike miti? Bibi yangu aliacha nyanya zitambae na tulikula vizuri tu.

Bibi hakukosea. Nyanya inayotambaa huzaa, na wakati wa jua kali la Januari na Februari, ukiiwekea nyasi kavu chini, utavuna. Tatizo ni unyevu. Bakajani chelewa, ule ugonjwa unaoacha mabaka meusi kama majani yamemwagiwa maji ya moto, hupenda baridi na majani yasiyokauka. Mche uliolala haukauki hadi mchana. Uliosimama hupigwa na upepo, na umande ukiondoka mapema ugonjwa unakosa nafasi.

Mti hauzuii ugonjwa moja kwa moja. Unapunguza, na pia unakuwezesha kuona wadudu kabla hawajazaliana, kumwagilia bila kulowesha majani, na kuchuma bila kukanyaga matawi. Kwa aina ndefu sioni njia nyingine. Kwa aina fupi, soma swali la 2 na la 8.

2. Nitajuaje kama nyanya yangu ni fupi au ndefu?

Pakiti ya mbegu husema. Tanya, Cal J na Roma ni fupi: hufika kiunoni hivi, kila tawi humalizika kwa ua, na matunda huiva kwa kipindi kifupi. Moneymaker na Anna F1 ni ndefu: huendelea kupanda juu na kuzaa mpaka mche uchoke, au uukatishe mwenyewe.

Kama ulipewa miche na jirani bila jina, hesabu majani. Kwenye nyanya ndefu, kati ya kichala kimoja cha maua na kingine kwa kawaida kuna majani matatu. Kwenye fupi ni moja au mawili, na vichala husongamana kuelekea juu. Ukishindwa kabisa, simika mti mrefu. Mrefu ukizidi hauna hasara.

3. Mwezi gani ni mzuri?

Kama ni mara yako ya kwanza, kwepa masika. Sia mbegu kitaluni mwezi wa Mei, hamisha Juni miche ikiwa na wiki 4 hivi. Moshi mjini iko chini kuliko Arusha: karibu mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, wakati Arusha mjini ni karibu 1,400. Kwa hiyo baridi ya Julai, ambayo Moshi mjini ni neema kwa nyanya, huko Ilboru au juu Kibosho na Marangu huja na mawingu na manyunyu, na matunda hukaa kijani mpaka unakata tamaa. Wa milimani wasubiri Agosti.

Ukiwa umeshapanda kwenye masika, usisikitike. Weka miti mapema na uwe mkali kwenye swali la 12.

4. Kwetu kihambani, shamba linalozunguka nyumba, kila mahali ni migomba. Naweza kupanda chini yake?

Utapata majani mazuri marefu na nyanya tatu. Nyanya inataka jua la moja kwa moja saa 6 kwa siku au zaidi. Tafuta ukingo wa kihamba, kando ya njia, au mbele ya nyumba palipo wazi. Kama hakuna, tumia ndoo (swali la 9) uihamishe kufuata jua lilipo.

## Miti na kamba

5. Nitumie miti gani?

Chochote kilichonyooka, kikavu, kinene kama kidole gumba au zaidi. Mianzi ni mizuri na hudumu misimu kadhaa. Matawi ya mkaratusi na mgrivea yanapatikana karibu kila kona. Yakaushe kwanza na uyamenye gamba sehemu itakayoingia ardhini, la sivyo mchwa watakushukuru. Mabingobingo hutosha kwa aina fupi, msimu mmoja tu. Mabua ya mahindi usiyategemee: yanasimama vizuri hadi siku mche unapobeba mzigo, kisha yanakatika yote usiku mmoja.

Kuna aliyeniuliza kuhusu masale, kwa kuwa yako hapo hapo mpakani na yamenyooka. Kwanza, yakichomekwa mabichi huota. Pili, kwa Wachagga sale ni alama ya mpaka na ni jani la kuombea msamaha. Ukilikata la jirani kufungia nyanya, utalihitaji lingine kwenda kumwomba radhi.

6. Mti uwe na urefu gani, na niuweke lini?

Kwa nyanya ndefu, kata mita 2; sentimita 40 hadi 50 ziingie ardhini. Kwa fupi, mita 1.2 inatosha, sentimita 30 chini. Chomeka kama sentimita 10 kutoka kwenye shina, upande unaotoka upepo, ili mche usukumwe mbali na mti usije ukasuguliwa nao.

Lini? Siku unayohamisha mche, au ndani ya wiki mbili. Mche wa urefu wa shibiri hauonyeshi kuhitaji mti, ndiyo maana wengi huahirisha. Lakini mizizi ya nyanya husambaa haraka, na ukija kupiga mti wiki ya 6 unaipasua. Mwaka fulani nilisema nitafunga Jumapili, miche ilikuwa imefika magotini. Jumamosi usiku mvua ikapiga. Asubuhi nilikuta safu nzima imelala upande mmoja, na nilipoinyanyua nusu ya mashina yakalia "kaa" mkononi.

7. Nifunge vipi, na kwa kamba gani?

Kamba izunguke mti kwanza na ikazwe hapo isiteleze. Kisha pitisha kwenye shina la nyanya kwa umbo la namba 8, fundo libaki upande wa mti. Ndani ya kitanzi cha nyanya kidole chako cha shahada kipite kwa raha, maana shina litanenepa. Funga chini kidogo ya jani, usifunge mara tu chini ya kichala cha maua. Kikijaa matunda kitaegemea kamba na kukatika. Fundo la kwanza liwe kama sentimita 20 kutoka ardhini, kisha ongeza jingine kila mche unapopanda sentimita 20 hadi 25. Wakati wa joto hiyo ni karibu kila wiki.

Kamba ninayoipenda ni ganda kavu la mgomba. Chukua lile la nje ya shina, lichane upana wa kidole kidogo, lilowanishe nusu saa lilainike. Ni pana, halikati ngozi ya mche, ni bure, na msimu ukiisha linaoza na kuwa mboji. Usilikaze sana likiwa bichi maana likikauka hukakamaa. Fulana kuukuu iliyochanwa nayo ni nzuri. Fulana ya mtumba ya bei ya chini kabisa pale soko la Memorial, Moshi, hufunga bustani nzima. Kamba ya katani inafaa ikiwa nene.

Manila niliiacha. Nilifunga miche 12 kwa manila ya bluu niliyoikuta stoo. Baada ya mwezi, juu ya fundo shina lilikuwa limevimba kama goti na chini yake limebaki jembamba. Upepo wa jioni ukaondoka na minne.

8. Nina miche 30 ya Tanya. Kila mmoja mti wake?

Hapana, utachoka. Panda kwa mstari, mche hadi mche sentimita 50, kisha piga nguzo imara mwanzoni na mwishoni na moja kila baada ya miche mitatu. Miche ikifika sentimita 30, funga kamba ya katani kwenye nguzo ya kwanza, ipitishe upande mmoja wa miche, izungushe kila nguzo, ukifika mwisho rudi nayo upande wa pili. Miche inabaki katikati kama imekumbatiwa. Rudia kila sentimita 20 hadi 25 juu. Kamba ivutwe hasa, isilegee.

9. Naishi nyumba ya kupanga, nina ndoo tu. Mti utasimama?

Ndoo ya lita 20 hubeba mche mmoja. Mmoja, si mitatu. Toboa matundu chini, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Mti mmoja kwenye ndoo huyumba, kwa hiyo tumia mitatu iliyofungwa pamoja juu kama mahema ya watoto, au funga mti kwenye nondo za dirisha. Chagua aina fupi. Ndoo hukauka upesi kuliko ardhi, kwa hiyo soma swali la 14 kwa makini.

## Kupunguza

10. Hao "watoto" wa nyanya ni nini, na kwa nini niwatoe?

Kwenye kwapa, pale jani linapokutana na shina, hutoka chipukizi. Likiachwa huwa tawi kamili lenye majani, maua na makwapa yake mengine. Watu wa migomba hawahitaji kufundishwa hili: ukiacha watoto wote kwenye kisiki, mkungu unakuwa wa kuchekesha. Nyanya ndefu iliyoachwa yote huwa kichaka. Matunda ni mengi lakini madogo, na katikati hakuna hewa.

Kwa nyanya ndefu, bakiza shina moja au mawili. Ukitaka mawili, la pili liwe lile chipukizi lililo mara tu chini ya kichala cha kwanza cha maua, kwa kuwa ndilo lenye nguvu. Mengine yote yatoe yakiwa na urefu wa sentimita 3 hadi 5. Pita mara moja kwa wiki. Ukikuta limeshakuwa kama penseli, kata kileleni tu uliache. Kidonda kikubwa ni mlango wa magonjwa.

Hakikisha unachotoa ni chipukizi. Kichala cha maua hutoka kwenye shina lenyewe, si kwapani, na hakina majani. Kila msimu kuna mtu hunipigia simu akiwa amekishika mkononi.

11. Na aina fupi nazipunguza hivyo hivyo?

Hapana. Fupi huzaa kwenye matawi hayo hayo, ukiyatoa umetoa mavuno. Toa yaliyo chini ya kichala cha kwanza tu, kisha uiache.

12. Majani ya chini niyatoe?

Ndiyo, kwa aina zote. Mche ukishakuwa na nguvu na matunda ya kwanza yameanza kujaa, toa majani yote yanayogusa ardhi, kisha endelea kwenda juu taratibu hadi pawe wazi kama sentimita 30. Mvua ikipiga udongo, matone huruka na vimelea hadi kwenye jani la chini, na bakajani tangulia, yale mabaka ya kahawia yenye miduara, huanzia hapo na kupanda ngazi. Toa mawili au matatu kwa mara moja. Usinyonyoe mche mzima: majani yaliyo jirani na matunda ndiyo mwavuli wake, na tunda lililovuliwa ghafla hupata baka jeupe la kuungua na jua.

Chini yake tandaza nyasi kavu au majani makavu ya mgomba, yasiguse shina.

13. Nitumie kisu au mkono? Na ni saa ngapi?

Mkono. Chipukizi dogo huvunjika lenyewe ukilipinda kushoto na kulia, na hivyo hugusi utomvu wa kidonda. Kisu kinachohama mche hadi mche bila kusafishwa ni sindano ya magonjwa. Fanya asubuhi majani yakishakauka, saa 3 au 4, ili kidonda kifunge kabla ya usiku. Kamwe usifanye majani yakiwa na maji.

Mvuta sigara au mnusa ugoro, nawa mikono kwa sabuni kwanza. Kirusi cha batobato la tumbaku hukaa kwenye tumbaku kavu na huhamia kwenye nyanya kwa vidole. Mzee mmoja wa Kiboriloni alinicheka nilipomwambia hivyo, lakini sasa ananawa.

## Maji, mbolea na maua

14. Nimwagilie mara ngapi? Sisi tunapata maji ya mfereji kwa zamu.

Afadhali maji mengi mara mbili au tatu kwa wiki kuliko vikombe viwili kila jioni. Maji yaende chini kwenye shina, asubuhi. Chomeka kidole, udongo ukiwa mkavu hadi kiungo cha pili, mwagilia. Ndoo juani huenda ikataka kila siku.

Zamu ya mfereji ikiwa mara moja kwa wiki, tandazo la nyasi (swali la 12) ndilo litakalokuvusha, pamoja na madumu ya akiba. Nyanya huumia zaidi kwa kukaushwa na kufurikishwa kwa zamu: matunda hupasuka, na kitako huoza.

15. Hicho kitako cheusi ni ugonjwa gani?

Si ugonjwa. Tunda limekosa kalisi wakati linakua, na kwa kawaida kalisi imo ardhini ila maji hayakuipeleka kwa mpangilio. Chuma yaliyoharibika, rekebisha maji, matunda yajayo yatakuwa sawa. Kunyunyizia dawa ya ukungu hapa ni kutupa hela.

16. Mche wangu ni mrefu, kijani, mnene kama mkono, lakini hakuna maua.

Umeulisha kupita kiasi. Samadi mbichi ya ng'ombe au ya kuku, au urea nyingi, hujenga majani. Acha kuongeza. Samadi iliyooza, viganja viwili kwenye shimo, na mbolea ya CAN kidogo maua yakianza inatosha kwa bustani ya nyumbani.

17. Maua yanatoka kisha yanaanguka.

Kama ni Februari Moshi na mchana unapita nyuzi 32, ni joto. Kama ni Julai upande wa juu wa Arusha na usiku unashuka chini ya nyuzi 13, ni baridi. Chavua haifanyi kazi vizuri kwenye hali hizo. Hali ya hewa ikikaa sawa maua yatashika. Unaweza kusaidia: mchana kukiwa kukavu, gonga mti taratibu kwa kidole. Nyanya hujichavusha yenyewe, inahitaji mtikisiko tu, na hii ni faida nyingine ya kuwa na mti.

## Mambo yakiharibika

18. Shina limevunjika wakati nafunga. Nitupe?

Kama ngozi ya upande mmoja bado imeshika, lirudishe mahali pake, lifunge kwa kitambaa kama mfupa uliovunjika, na kijiti pembeni. Mara nyingi hupona. Kama limekatika kabisa, toa majani ya chini ya kipande cha juu, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini. Ndani ya wiki moja na nusu hivi kitatoa mizizi. Ndivyo unavyoweza pia kupata miche ya bure kutokana na "watoto" wa swali la 10, mradi mche mama hauna ugonjwa.

19. Mche ulikuwa mzima jana, leo umenyauka wote ukiwa kijani.

Ukinyauka mchana na kuamka jioni, ni kiu au jua. Usipoamka, kata shina karibu na ardhi na uninginize kipande kwenye glasi ya maji safi. Subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama moshi wa maziwa zikishuka, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Ng'oa na mizizi yake, choma moto, usiweke kwenye mboji, na usiruhusu maji ya shimo hilo yatiririke kwa mingine. Mfereji unaopita bustani yenye ugonjwa huu huushusha kwa jirani wa chini, kwa hiyo mwambie.

Hapo usirudishe nyanya kwa miaka kadhaa, wala ndugu zake: ngogwe, bilinganya, pilipili, viazi mviringo. Wengi husahau mnafu, kwa sababu tunauona kama mchicha. Nao ni wa ukoo huo huo.

20. Majani yana madoa meupe kama karatasi, ukiyainua juani unaona kinyoo ndani.

Huyo ni kantangaze, nondo anayeshambulia nyanya. Alionekana nchini 2014, upande wa Arumeru, na tangu hapo hajaondoka. Kinyoo hula katikati ya jani na kutoboa tunda karibu na kikonyo. Kwa miche michache, mkono unafanya kazi kubwa: kila unapopita kutoa watoto, chuma majani yenye madoa, yatie kwenye dumu lenye mfuniko na uliache juani siku kadhaa. Usiyatupe chini ya mche. Akizidi, muulize bwana shamba wa kata dawa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu nchini. Kubadilisha dawa ni muhimu kwa sababu huzoea upesi.

21. Majani yamejikunja. Ni rasta?

Angalia machipukizi mapya. Rasta, ugonjwa wa virusi, hudumaza kilele, majani madogo hujikunja kwenda juu na kingo huwa njano, na chini yake utaona nzi weupe wakiruka ukigusa. Ng'oa mapema, maana nzi hao ndio wanaosambaza. Lakini kama ni majani ya zamani ya chini tu, yamejiviringa huku kilele kinakua vizuri, huenda umepunguza matawi mengi kwa siku moja au jua ni kali. Hiyo iache.

22. Nimepiga dawa jana, naweza kuchuma leo?

Soma lebo, kila dawa ina siku zake za kusubiri, na hazifanani. Kama uliuziwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, usiipige kabisa kwenye kitu utakachokata kwenye kachumbari.

23. Miti ya msimu uliopita naweza kuitumia tena?

Ndiyo, kama miche haikuwa na ugonjwa wa swali la 19. Sugua udongo wote, loweka ncha kwenye maji yenye jiki, sehemu 1 kwa 9 za maji, nusu saa, anika juani, hifadhi juu ya dari au mahali pakavu. Kamba usirudie.

24. Ndege na watoto wa jirani wanamaliza nyanya kabla hazijaiva mtini.

Chuma tunda likianza tu kugeuka rangi kitakoni. Likishafika hapo litaiva ndani ya nyumba bila kupoteza ladha ya maana. Lipange kwenye ungo, kikonyo kikiangalia chini, mbali na friji. Ukitaka liive haraka, liweke pamoja na ndizi mbivu. Kwa watoto wa jirani, mimi nimeacha miche miwili nje ya ua.